Bega Nililoliacha Buganguzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa raketi. Katibu wa klabu yetu ya tenisi ya Bukoba, mzee asiyependa maswali, alinionyesha rola ya chuma akasema nianze na uwanja. Tulichezea juu ya udongo, na udongo usiponyunyiziwa maji na kushindiliwa, mpira hudunda ovyo ukakupiga kidevuni. Nilivuta rola mpaka nikaichukia. Baadaye nikawa mwalimu wa wanachama, wengi wao watu wa vitambi na visingizio, na mwishowe mchezaji wa kulipwa.

Silaha yangu ilikuwa sevu, yaani ule mpira wa kuanzisha. Ndiyo iliyonipa ubingwa wa taifa nikiwa bado naogopa lifti za Dar es Salaam. Lakini mwili wangu ulikuwa na kisirani. Kifundo cha mguu kiliteguka Nairobi, nikapona nikarudi uwanjani. Kiwiko kikavimba Kampala, nikarudi tena. Kisha kano ya bega la kulia, ile inayoshika msuli kwenye mfupa, ikachanika kidogo. Kocha Mkuu wa timu ya taifa akanituma nyumbani Muleba nipumzike kabla ya mashindano ya Afrika Mashariki.

"Usiinue hata ndoo," aliniambia. "Likipona, kombe ni lako. Likichanika tena, basi."

Nilimtii. Kwetu Buganguzi nilikaa kama bwana harusi, dada zangu wakinicheka kwa kuletewa hata maji ya kunawa. Bega likaanza kunyooka.

Siku chache kabla sijarudi kambini, mama akashikwa na tumbo vibaya. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la wagonjwa likakwama ng'ambo ya bonde. Majirani wakaleta machela. Kwetu mgonjwa hubebwa na wanaume wa kijiji kwa zamu, na anayefuata nyuma mikono mitupu huonekana. Zamu zilipobadilishwa, jirani mmoja akaniambia kwa wema kabisa, "Bingwa, wewe tembea tu, waitu," akimalizia kwa neno letu la heshima. Kuambiwa nitembee tu kuliniuma. Yule alikuwa mama yangu. Nikaingiza bega chini ya mti wa machela, la kulia, kwa kuwa nafasi ilikuwa upande huo.

Kwenye mteremko, mbebaji wa mbele akateleza, uzito wote ukanijia. Nilisikia kitu kikikatika ndani. Sikuachia.

Mama alipasuliwa, akapona. Kocha Mkuu hakufoka. Aliuliza hali ya mgonjwa, akanitakia heri, na hakupiga simu tena.

Sasa naishi Kitendaguro, hapa Bukoba, nafundisha watoto, sevu naipiga kwa mkono wa chini kama mgeni wa mchezo. Najuta, na sioni haya kusema. Vijana, mkiambiwa pumzikeni, pumzikeni.

Mama nilimwambia niliacha kwa sababu ya umri. Mwaka jana dada zangu wakamsimulia ukweli. Nilipokwenda kumsalimu alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akaniangalia bega.

"Wanaume walikuwa wengi siku ile, mwanangu," akasema. "Na mimi nilikuwa nimezimia. Sikujua hata ni kina nani walionibeba."