Neno Lililodondoka Kati ya Phulo na Deonarine

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Basmattie Jaikarran ananawa mikono kwa mara ya tatu. Ni mpalizi wa miwa kule Berbice, na utomvu na udongo wa miaka thelathini na mmoja hautoki kwa kipande cha sabuni. Mlangoni mwa chumba cha nyaraka, jijini Georgetown, mtunza nyaraka Winfield Adonis anamkagua vidole kama mwalimu wa zamu.

"Dada, karatasi hizi zimeponea mafuriko na mchwa," anamwambia. "Zisije zikafia mikononi mwako."

Basmattie anacheka, anaketi. Hii ni safari yake ya saba. Kila safari inammalizia ujira wa siku mbili, maana asipopalilia halipwi, na nauli nayo haina huruma. Mumewe amekwisha kumuuliza hao wafu watamlipa nini.

Lakini hakutumwa na wafu. Ametumwa na shangazi yake Phulmattie, Shangazi Phulo kwa kijiji kizima, bibi wa miaka themanini na miwili aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi Phulo hakuolewa. Kabla hajafumba macho anataka kujua jambo moja tu: je, Deonarine alikuwa ndugu yake kweli?

Mwaka 1962, Deonarine, kijana wa ng'ambo ya mfereji, alileta posa. Phulo alikuwa na miaka kumi na tisa na moyoni alishakubali. Wazee wakakataa katakata. Ramsaroop, babu wa Deonarine, alikuwa *bhai*, yaani kaka, wa Sukhia, bibi yake Phulo. Nyumba zote mbili zilijua hivyo, na wajukuu wa kaka na dada hawaoani.

Baba yake Phulo hakuishia hapo. Ili kuzima maneno ya watu, Agosti ileile, siku ambayo kila dada humfunga kaka yake uzi mwekundu mkononi, alimwita Deonarine nyumbani akamwamuru binti yake amfunge. Akafunga. Akafunga na mwaka uliofuata, na miaka yote iliyofuata, Deonarine alipooa, alipopata wajukuu, hata alipofiwa na mkewe. Alipofariki miaka miwili iliyopita, Phulo alikuwa amemfunga uzi mara sitini na moja.

"Watu walisema, tazama dada anavyompenda kaka yake," anasimulia Basmattie. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika sinia. Nilikuwa namwona anavyochelewesha lile fundo."

Saa tano, Adonis analeta daftari la meli *Clydemere*, la mwaka 1891. Katika ukurasa wa kumi na nne, yumo. Sukhia, miaka 19, mjane, hana aliyefuatana naye, kovu juu ya nyusi ya kushoto, binti wa mkulima aitwaye Bhikari. Mstari wa chini yake ni Ramsaroop, miaka 24, mfinyanzi. Baba yake ni mwingine, jadi yake nyingine, na wilaya yake iko mbali kwa mwendo wa majuma. Wote wawili walitia alama kwenye mkataba wa miaka mitano ya miwa, mkataba ambao hawakuweza kuusoma.

Basmattie anafuata mistari kwa kidole bila kuigusa karatasi. Anarudia tangu mwanzo.

"Bwana Adonis," anasema, "hawa si ndugu."

Adonis ameshaona mengi ya namna hii. Anamweleza kwamba waliovushwa bahari katika meli moja waliitana *jahaji bhai*, kaka wa jahazi. Walikuwa wametengwa na jamaa zao wote, wakaokotana melini, na udugu ule wakaushika kuliko wa damu. Pengine hata Sukhia mwenyewe angeikataza ndoa ile, anasema, lakini angekataza akijua anachokataza. Watoto wao wakafupisha maneno. La kwanza likadondoka njiani, likabaki *bhai*.

Basmattie analia pale pale mezani, na Adonis anasogeza daftari lisilowe. Kisha anamwambia kwa upole kwamba ana bahati, maana watu wake wana baba na kijiji. "Wangu waliletwa utumwani," anasema. "Daftarini wana jina mojamoja tu, na hilo walipewa na mwenye shamba." Basmattie anakiri kuwa aliona haya, na haya ile ikamwongezea machozi.

Jioni anamkuta shangazi yake akichambua mchele. Anamsomea nakala. Bibi anataka isomwe tena, na anauliza swali moja, kama baba yake alijua.

"Hakujua, shangazi. Naye aliambiwa hivyohivyo."

"Basi hata wa kumkasirikia sina," anasema Shangazi Phulo, na mkono unarudi kwenye mchele.

Basmattie anapanga kurudi Georgetown baada ya msimu wa mvua, akakitafute kijiji cha Sukhia kwenye ramani za zamani. Lakini kuna kazi anayotaka kuimaliza kwanza. Huku mtu akifa hutangazwa redioni pamoja na orodha ya jamaa zake. Deonarine alipofariki, nchi nzima ilisikia kuwa alikuwa "kaka wa Phulmattie". Sasa bibi ameagiza tangazo lake liandikwe mapema, na Basmattie ameapa kwamba litasomwa neno kwa neno.

Ameshaandika "dada wa marehemu Jaikarran", baba yake Basmattie, na "shangazi wa Basmattie". Alipofika kwa Deonarine, kalamu ikasita. Akamuuliza shangazi yake aandike rafiki, mchumba, au jirani.

"Andika 'wa Deonarine'," bibi akajibu.

"Watu watauliza, wa Deonarine kivipi?"

"Waache waulize. Nikiwa binti hakuna aliyeniuliza."