Aliyesema "Iweke Tu" Yuko Wapi?

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda. Usidhani nimekukasirikia wewe peke yako. Hasira ya kwanza ni yangu mwenyewe. Yako imekuja juzi, nilipokuona kwenye kundi letu la wasomaji na waandishi ukimjibu binti aliyeomba ushauri juu ya kisa cha nyumbani kwao: "Iweke tu, mwandishi haogopi." Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi kabla yako, na leo utakaa chini unisikilize.

Wakati huo nilikuwa na miaka sitini na miwili, lakini kwa mambo ya mtandao nilikuwa kijana mbichi kabisa. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kiwanda cha karatasi kule Mgololo, nikahamia Ilomba kwa binti yangu. Alipochoka kunisikia nikilalamika kwamba sina wa kuzungumza naye vitabu, akaniingiza kwenye kundi. Nilikuwa nimekagua karatasi tupu maisha yangu yote, sasa nikapata zilizoandikwa, basi furaha ikawa furaha. Watoto wakaniita Bibi. Mtu akiuliza jambo, wenzake wanamwambia, "Tumsubiri Bibi aseme," nami kichwa kikavimba. Ujana hauishi kwa kuota mvi, mwanangu, kama mtu bado anapenda kupigiwa makofi.

Ndipo Salome akaleta hadithi yake. Salome alikuwa binti wa Igowole, wa miaka ishirini hivi, yatima aliyelelewa na mama yake mdogo aitwaye Agnes. Hadithi ilikuwa ya mwanamke anayepigwa na mumewe kila mume akirudi kutoka kunywa ulanzi. Alibadilisha majina, basi. Mlango wa bluu, shamba la chai nyuma ya nyumba, mguu wa mume unaochechemea, hata kwamba Jumapili mume huyo huimba kwaya, vyote aliviacha kama vilivyo. Mwishoni akaandika: "Naombeni ushauri. Hiki ni kitu cha kweli. Niiweke mtandaoni kila mtu asome, au nibaki nayo?"

Soma tena hapo. Alisema ni kitu cha kweli. Alisema!

Unajua tulimjibu nini? Mmoja alisifu taswira. Mwingine akasema pale mwiko unapovunjikia mgongoni pameandikwa kwa ufundi mkubwa. Mwalimu mmoja wa Iringa akamshauri agawe aya zake vizuri. Kisha wakamsubiri Bibi. Nami nimekaa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi, nikaandika: "Mwanangu, mwandishi haogopi. Iweke tu." Mioyo myekundu ikamiminika chini ya maneno yangu, nikawa naiangalia na kutabasamu peke yangu. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Sisi tuliisifu mvua iliyokuwa inamnyea mwenzetu, wenyewe tumekaa ndani.

Salome akaiweka. Igowole ni mji mdogo, wanajuana mpaka kuku zao. Haikupita wiki, wanakwaya wenzake wakawa wanamwonyesha mume wa Agnes simu na kumcheka. Akarudi nyumbani akamvunja Agnes mkono. Salome akatupiwa nguo zake nje, wote wawili wakakimbilia kwa jirani.

Akaandika tena kwenye kundi: "Jamani, nimemuumiza mama. Amevunjwa mkono kwa sababu yangu. Nifanye nini?"

Tulisoma wote. Simu haifichi, inaonyesha nani kasoma. Mmoja akatuma stika ya mikono inayoomba. Mwingine, bila hata aibu, akaweka tangazo la vifaranga. Mimi, Bibi wa kundi, nikaandika: "Pole sana mwanangu, Mungu yupo." Mungu yupo! Kwani kuna aliyeuliza kama hayupo? Mtoto aliuliza afanye nini.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye unaitwa Bibi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ndiyo mimi."

"Mimi ndiye yule mama wa kwenye hadithi. Njoo."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni. Nikamkumbuka mshenga wangu, kule Rungwe nilikoolewa. Ndoa yetu ilipoyumba mwaka wa pili, aliitwa yeye kabla ya mchungaji, mzee wa watu mwenye maumivu ya magoti, akaja kwa miguu kwenye tope akakaa kati yetu mpaka tukasikilizana. Hakuuliza kwa nini kaitwa. Mdomo wake ndio uliotufikisha pale, na alilijua hilo. Nilijiona takataka. Nikafunga mzigo nikapanda basi la Mafinga, na kutoka hapo jingine hadi Igowole.

Nilimkuta Agnes kwa jirani, mkono umefungwa plasta, Salome kando yake macho chini. Nikamsalimia kwa Kihehe changu cha kiwandani, "Kamwene." Hakuitika hivyo. Alisema, "Shikamoo," kavu, kama anamsalimia mgeni aliyepotea njia.

"Mama, mimi sijasoma sana," akasema, "lakini wamenisomea yote, na majibu yenu. Kuna mtu kasema mwiko umeandikwa vizuri. Ule mwiko umenipiga mimi. Mko wangapi humo ndani?"

"Tunazidi mia."

"Watu mia na zaidi. Hata mmoja hakuuliza huyo mama yuko hai?"

Nikamwomba anisamehe.

"Huyu nitamsamehe, nimemlea mwenyewe. Wewe nikusamehe nini? Sikujui. Ungeuliza, ningekwambia nilikuwa naondoka nikishavuna viazi. Nimeshaongea na kaka yangu, nilibakiza mwezi mmoja tu. Sasa naondoka na mkono umevunjika."

Mwanangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini maneno yale yaliniingia mahali ambapo sikujua bado pana nafasi.

Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini?"

"Ehee. Sasa ndiyo unauliza." Akaninyooshea kidole cha mkono ule mzima. "Nipeleke polisi, dawati la jinsia. Peke yangu naogopa, ndugu wa mume wangu wananitazama. Wewe una mvi, tangulia mbele."

Nikatangulia. Polisi nilisoma kwa sauti yote yaliyoandikwa, na yangu nikayasoma. Askari, msichana mdogo tu, akauliza, "Na haya ya mwandishi haogopi, kaandika nani?" Nikasema ni mimi. Akaandika jina langu, nikaona aibu ya utu uzima wangu wote. Yule mume alikamatwa. Nilibaki siku tisa namsongea Agnes ugali na kumfulia, mpaka kaka yake alipokuja kuwachukua yeye na Salome. Hadi leo nikimpigia ananijibu, "Nzima," kisha anakata. Nastahili.

Sikuambii watu wanyamaze. Anayepigwa asimfichie mpigaji siri, hata kidogo! Lakini siku ya kutoka na mlango wa kutokea anachagua yeye, si wewe na simu yako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akileta kisa cha kweli, waulize kwanza walio ndani ya kisa hicho: wanajua? wamekubali? wako salama? Aya na taswira zitasubiri, hazina mkono wa kuvunjwa. Kama huwezi kufunga safari siku mambo yakiharibika, sema tu "sijui." Hilo nalo ni ushauri, tena bora kuliko wangu. Na siku utakapoomba wewe, usiwaulize watu mia wasiokujua kabla hujamuuliza yule mmoja unayemwandika.

Yule binti wa juzi nimempigia tangu jana, hapokei. Labda namba yangu haijui. Yako anaijua, maana wewe ndiye uliyemjibu. Usiniandikie hapa "asante Bibi," wala usinitumie moyo mwekundu. Mpigie sasa hivi, umuulize mama yake anaendeleaje.

Mungu akupe mdomo mzito na miguu myepesi, na siku utakayokosea kama mimi, akupe mtu wa kukuita.