Shingo ya Mbuzi wa Kilima

Juzi nilipanda kilimani kwetu, juu ya Butembo, kwa sababu mpima ardhi alikuwa amefika na simu yake ya kupimia. Ndugu zangu waliniita kutoka Mulekera, ninakoishi, nije kuonyesha mpaka, eti mimi ndiye mkubwa aliyebaki. Hata sijashuka kwenye pikipiki nilikuwa nimeshamshuku kijana yule, kofia yake, na karatasi alizozikunja haraka aliponiona. Usinicheke, rafiki yangu. Nimelelewa na bibi ambaye hata jua hakuliamini. Alianika maharagwe huku ameikalia turubai ya kuyafunika.

Koko, ndivyo tulivyomwita, alionja chumvi kwa ncha ya ulimi kabla hajailipia. Alisimulia kwamba zamani, kabla ya Wazungu, wanaume wa kilima walikwenda Katwe kwa miguu, wakabadilisha maharagwe na mbuzi kwa mizigo ya chumvi, na wajanja kati yao waliichanganya na majivu njiani. Yeye bado aliyatafuta majivu yale. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hakuigusa mpaka mwenyeji atangulie. Alituambia kila mara: "Mutu anakupeya kitu, yeye mwenyewe hapana onja, umurudishiye."

Kila mwaka, tukishavuna maharagwe, alichinja mbuzi wa kilima. Desturi hiyo, alisema, ilikuwapo kabla ya bureau yoyote ya ardhi. Mukama wa kilima, yaani mwenye ardhi, hakuwa na muhuri. Alikula paja la mbuzi wa kila nyumba, basi, na nyama iliyobaki ndiyo ilikuwa karatasi yetu. Shingo ilikuwa ya jirani mnayepakana naye. Akiila, amekubali mpaka wako, nawe umekubali wake. Mbavu alipewa mgeni uliyemwazima mahali pa kulima. Aliyekula mbavu alijua kwamba siku moja ataambiwa ahame, naye atahama. Watu walikumbuka nani kala nini, wakalala bila ugomvi.

Mwaka niliofikisha umri wa kutumwa mbali, nilipewa mimi kupeleka nyama. Shingo ilikuwa ya mjane wa ng'ambo ya kijito, rafiki wa koko. Wale wawili walitwanga mihogo kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda, ule ukishuka, na mimi nilijua kutoka mbali kama wanacheka au wanasengenya. Mbavu zilikuwa za mgeni wetu wa bondeni, mtu aliyetoka upande wa Kayna. Koko alifunga vifurushi viwili kwa majani ya mgomba, akavikaza kwa fundo lake mwenyewe ambalo hakumfundisha mtu, ili nisidokoe njiani.

Kwenye kijito nikaviweka juu ya jiwe, nikashika kaa. Kaa wa kwetu ni wadogo na wakali, na siku ile walikuwa wengi. Nilipokumbuka nyama, sikujua tena kipi ni kipi. Kufungua sikuthubutu, maana fundo lile nisingeweza kulirudisha, na koko angelikagua. Nikavipima mkononi, nikakisia.

Msimu uliofuata mjomba alitaka kuoa. Koko akamwambia mgeni arudishe shamba la bondeni, lile lenye udongo mweusi. Mgeni akakataa. Wazee wa kilima wakaketi, naye akasimama bila hofu.

"Miye nilikula shingo," akasema. "Mutu wa shingo hahamake."

Mjane akaitwa. Akasema polepole kwamba yeye alipewa mbavu, na alinyamaza kwa sababu alidhani rafiki yake amemdharau. Kichwani mwa koko mambo yakawa wazi: mjane ameiuza shingo yake kwa mgeni. Tangu siku ile alimshuku mjane, akamshuku mgeni, akamshuku mpaka mukama aliyekula paja. Mimi hakunishuku hata siku moja. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu. Niliogopa, nikanyamaza, na aibu ile ninayo hadi leo.

Wazee wakamwachia mgeni, shamba likapotea. Mjomba akaenda kutafuta maisha Bungulu. Kwenye kinu nikabaki nasikia mchi mmoja tu, na koko akafa hivyo hivyo.

Bondeni sasa pamejaa nyumba za mabati. Mpima ardhi aliniuliza jirani zetu ni nani, nikamtaja mjane, naye akaandika jibu langu bila kuangalia wala kumuuliza mtu mwingine. Nikashuka sokoni Butembo, nikanunua shingo ya mbuzi, wifi yangu akaichemsha, nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikavuka kijito.

Mjane yuko hai, ila macho yamekwisha. Akapapasa kifurushi.

"Ni nani amekutuma? Ni bale batu ba kupima na simu?"

Nikamwambia sikutumwa. Nikamweleza kaa, jiwe, na mafundo mawili. Akasukuma jani kwangu.

"Onja weye kwanza."

Nikaonja. Akanisikiliza nikitafuna mpaka nikameza. Ndipo akauliza kama koko alijua kabla hajafa. Nikasema hapana.

"Donc, kumbe alikufaka akiniita mwizi."

Nikamwomba ale. Akakunja jani taratibu, akalirudisha mapajani mwangu.

"Shingo inapewa na mwenye shamba," akasema. "Na ule alikuwa rafiki yangu."

Nikavuka tena kijito na nyama yangu. Nyumbani mpima ardhi alikuwa akinisubiri nitie sahihi kwenye karatasi ya mpaka, nikatia.