Programu Aliyoing'oa Shangazi

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, shangazi huondoa kitambaa kwenye kompyuta kuukuu iliyo miguuni pa kitanda chake na kuiwasha. Inakoroma kama mzee mwenye pumu. Anaingiza kwenye hesabu yake chupa mbili za dawa ya kikohozi ambazo hazipo popote, anazitoa, anatazama hesabu iliyobaki, kisha anaizima. Ndipo anakwenda kuoga.

Programu iliyomo aliiandika kwenye kompyuta hiyohiyo, yeye na mwenzake tuliyemwita Miwani, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi. Ilikuwa ya stoo za dawa: ipi imebaki, ipi inakaribia kuharibika. Hospitali ya kwanza iliichukua kwa kuwahurumia. Nyingine zikafuata kwa sababu ilifanya kazi.

Kisha serikali ikatangaza sera: ofisi zote za umma zitumie programu zilizotengenezwa nchini. Siku hiyo Miwani alicheza juu ya meza mpaka mguu ukavunjika.

"Wa meza," shangazi alinieleza. "Wake ulibaki mzima."

Furaha haikudumu. Kanuni zilipotoka, anayetaka kuiuzia serikali alitakiwa awe na wafanyakazi mia. Wao walikuwa wawili, na paka wa duka la rangi. Tajiri mmoja muuza magari akafungua kampuni, akanunua programu ng'ambo, akaajiri watu wa kubadilisha maneno ya kwenye vitufe na kubandika nembo ya taifa. Kisheria, ikawa ya nchini. Miwani alisema mwenye nguvu mpishe, akahama. Shangazi hakuweza kuhama. Bibi yangu alikuwa hoi kitandani. Akaomba kazi kwa tajiri.

Wakampa kazi aliyoiweza kuliko wote: kuzunguka hospitali zote akiing'oa ile programu yake ya zamani.

"Wakikuuliza sababu," bosi alimwambia, "sema ina kasoro, inapoteza hesabu. Tumeelewana, dada?"

"Tumeelewana."

Katika hospitali ile ya kwanza, mfamasia, mama mmoja wa vicheko, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu! Umekuja kumjulia hali mtoto wako?"

"Nimekuja kumtoa, mama."

"Kisa?"

Shangazi alitazama kibodi. "Ina kasoro. Inapoteza hesabu."

"Hii? Mbona haijanipotezea hata kidonge?"

"Ina kasoro, mama."

Yule mama hakucheka tena. "Basi miaka yote hiyo ulikuwa unatudanganya," alisema, akampisha kiti.

Ile mpya hufunguka ikijisikia. Mfamasia amerudi kuhesabu chupa kwa kidole. Bibi alifariki mwaka uleule, na shangazi bado yuko kwa tajiri. Redioni wanasema sekta ya programu nchini imekua, imeajiri wengi. Yeye ni mmoja wa hao wengi.

Juzi nilimpelekea chai nikamkuta anazitoa zile chupa mbili. Mimi si mtu wa kuuliza maswali, lakini hili lilinitoka.

"Shangazi, kila siku unatafuta nini humo?"

Alisubiri hesabu itokee. Ilitokea sawasawa, kama jana yake.

"Nahakikisha kwamba siku ile nilisema uongo."