Chai ya Kinanda

Nilikunywa chai niliyoamini ina sumu.

Kwa hiari yangu. Nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti cha jikoni kwangu.

Nilimimina kikombe kimoja, nikamtaja Mungu, nikameza. Nikamimina cha pili, maana nilisema kama ni kufa, basi tusife nusu nusu.

Kisha nikatulia nasubiri.

Chai yenyewe ilipikwa na mjukuu wangu. Na mimi nilitaka kujua jambo moja tu: huyu mtoto niliyemlea tangu hajaota meno, amegeuka mtu mbaya au watu wanamsingizia?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkaniona nimechanganyikiwa.

Mjukuu wangu tunamwita Sindano. Ni mwembamba, halafu anapenya popote. Mimi naye ni utani mtupu, ananiita mke mwenza. Na anaimba. Tangu mdogo anaimba akiosha vyombo, anaimba akifokewa, anaimba hata akinuna.

Akapata kazi kwenye kundi la maigizo.

Kundi lile lina mchezo mmoja uliowaka kweli kweli. Nyimbo hawakutunga wao. Walichukua zile za redio za enzi zetu, za kupendana na kuachana, wakazishonea kisa kimoja: binti wa duka la vitambaa anampenda dereva wa treni. Wakifika pa kulia, unaingia wimbo. Wakifika pa kugombana, unaingia wimbo.

Watu wazima wanaujaza ukumbi hadi mlangoni. Kila mmoja anakuja kumtafuta humo mpenzi wake wa zamani, huku amekaa na wa sasa.

Anayemwigiza yule binti ni mwanamke mmoja, jina lake la kazi Kinanda. Sura yake ndiyo iko kwenye bango la nje, kubwa kama mlango wa ghala.

Sindano alikuwa mwimbaji wa akiba.

Akiba ni kama tairi la ziada. Unabebwa kila safari, hakuna anayekukumbuka. Siku ukifungwa, wote waliomo garini wanalaani.

Basi, Kinanda akaanza kuugua. Leo mzima, kesho hoi. Na kila akiugua, inakuwa ghafla, watu wameshakaa.

Mwenye kundi anapanda jukwaani, anakuna shingo. "Mabibi na mabwana, Kinanda leo hajisikii vizuri. Nafasi yake itachukuliwa na..."

Hata hamalizi.

"Aaaah!" Ukumbi mzima. Kama umeme umekatika mpira ukiwa kwenye penalti.

Mimi nakaa siti za ndugu wa waigizaji, kule nyuma. Mbele yangu hukaa mzee mmoja wa kofia pana, yeye na mkewe. Hakosi onyesho. Na hakosi la kusema.

"Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema siku hiyo. "Unafungua, anatoka paka."

"Nyamaza, mume wangu. Mtoto wa watu atasikia."

"Asikie! Kwani hana masikio? Ana masikio. Sauti ndiyo hana."

Sindano akaimba. Akaimba vizuri, siwafichi, na sisemi kwa sababu ni damu yangu. Mwisho wakampigia makofi machache, kama mvua inayotishia tu. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Tunamtaka Kinanda!"

Nikautafuna mtandio wangu hadi ukalowa.

Siku nyingine natoka ukumbini, mama wa tiketi akanivuta pembeni.

"Bibi, mimi simo."

Mtu akianza na 'mimi simo', ujue yumo hadi shingoni.

"Haya, sema."

"Mjukuu wako humpelekea Kinanda chai. Kila siku. Wanajifungia chumba cha kuvalia, wao wawili tu. Baadaye Kinanda anatoka hana sauti. Sasa mimi nauliza tu, chai gani hiyo?"

"Unauliza au unasema?"

"Bibi, nimekwambia mimi simo."

Nilifika nyumbani kichwa kinawaka moto.

Maana chai ilikuwepo kweli. Kila mchana Sindano alichemsha tangawizi kwenye jiko langu, akatia asali, akajaza chupa.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Kinanda."

"Kwani kwao hakuna jiko?"

"Bibi, acha tu."

Bibi, acha tu! Mtoto ambaye zamani hakukosa la kunijibu, sasa ananipa maneno matatu na mgongo.

Halafu kulikuwa na lingine lililonikosesha raha. Siku Kinanda yuko mzima, Sindano hakuwa na kazi ya kupanda jukwaani. Lakini siku hizo hizo alirudi koo limekauka, anaongea kwa kunong'ona.

Sasa wewe hujaimba, sauti umeipeleka wapi?

Nikaanza kumchunguza. Nilinusa chupa. Nilikung'uta mkoba wake, zikadondoka peremende na chanuo. Nilimwangalia akilala, nikajiuliza: hivi uso huu unaweza?

Ndiyo ile siku akaenda kuoga akaacha chai mezani, nikainywa.

Mnataka kujua nini kilinipata?

Nililala usingizi mzuri sana. Na kikohozi kilichonisumbua tangu mvua zianze kikaondoka.

Lakini shaka ikishakuwa mpangaji, haihami kwa notisi moja. Nikasema, aah, labda dawa anaitia njiani. Labda anaitia akishafika.

Ijumaa mama wa tiketi akanipigia simu.

"Bibi, mambo yameharibika. Mwenye kundi kasema Jumapili ndiyo mwisho wa Sindano. Arudishe nguo za kazi aende. Wenzake wanamwogopa, hata maji hawanywi akiwa karibu."

Nilikata simu, nikamwita. Alikuwa na mafua mabaya, pua nyekundu kama nyanya, anapiga chafya mfululizo.

"Kaa hapa. Unamtilia nini Kinanda?"

Akanitazama. Akanitazama tena.

"Hata wewe, Bibi?"

"Nijibu."

"Siwezi."

Angesema 'sijafanya' ningemkumbatia. Alisema siwezi. Neno hilo liliniingia kama mwiba wa samaki kooni.

Jumamosi nikajifunga kibwebwe. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nikaenda kuona kwa macho yangu.

Kumbe siku hiyo Kinanda ni mzima. Alipotokea tu, ukumbi ukapasuka. Vigelegele, miluzi, watu wamesimama. Mzee wa kofia alipiga makofi hadi kofia ikamwinamia puani.

Kinanda akaongea na dereva wake wa treni, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo. Watu wakaipenda hiyo mikwaruzo. Kisha taa zikapungua, ukaja wimbo mkubwa wa mchezo:

*Umeniachia ufunguo, mlango umeuhamisha.*

Nikainama mbele kusikiliza.

Sauti ilikuwa safi, imepanda. Lakini ilikuwa imeziba. Imeziba puani, kabisa, kama redio iliyofunikwa blanketi. Na kabla ya kila ubeti, ilivuta kamasi kidogo. Fyu.

Nikamtazama Kinanda. Taa imemmulika usoni. Pua yake kavu, inang'aa, haina habari na mafua.

"Sikia hiyo!" Mzee wa kofia akamgonga mkewe kiwiko. "Analia kweli kweli! Umeona tofauti na kile kijiti cha juzi? Hiyo inatoka moyoni!"

"Hiyo inatoka puani," nikasema.

"Unasema?"

Nilikuwa nimeshasimama.

Kwenye mlango wa pembeni kijana wa ulinzi akanizuia. "Bibi, huku hawaingii watu."

"Mimi si watu. Mimi ni bibi yake." Nikapita.

Kule nyuma ni giza, nyaya kila mahali. Nikakanyaga polepole nikiifuata ile sauti. Ubavuni mwa jukwaa palikuwa na pazia jeusi.

Nyuma yake alisimama Sindano.

Amevaa kandambili. Mkono mmoja ameshika maikrofoni, mwingine ameshika kitambaa cha pua. Jicho kalibana kwenye mwanya wa pazia, anafuata mgongo wa Kinanda, ajue lini anafungua mdomo na lini anafunga. Pembeni yake fundi wa sauti, kidole juu ya swichi.

Akamaliza wimbo.

Ukumbi ukanguruma. Paa lilitaka kung'oka.

Na pale gizani, nilimwona mjukuu wangu akiinamisha kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayeshukuru. Hakuna aliyemwona. Kisha akapenga kamasi.

Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Kinanda alipotoka jukwaani akanikuta nimesimama hapo. Alitaka kukimbia, akakosa pa kukimbilia. Akanong'ona, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake yote.

"Mama, nisikilize. Koo langu limekwisha. Daktari amenikataza kuimba. Siku ninazoweza kuongea, napanda, yeye ananiimbia. Siku kunong'ona kukinishinda, anapanda mwenyewe. Chai ananiletea kunipoza. Nilimwapisha asimwambie mtu. Bango ni uso wangu, mama. Wakijua, nalala wapi na wanangu?"

Nikamgeukia Sindano. "Wewe siku wanakuzomea na siku wanashangilia, sauti ni hiyo hiyo moja?"

"Ni hiyo hiyo, Bibi."

"Na ulinyamaza?"

"Niliapa."

Nikamrudia Kinanda. "Mama, unajua kesho wanamfukuza?"

"Nani? Kwa nini?"

"Kwa kukuwekea sumu."

Kinanda akashika ukuta. Wallahi hakujua. Mtu anayejifungia chumbani kulinda koo, nani atamletea umbea?

Sindano akataka kusema kitu, nikamzuia. Sikumtisha yule mwanamke, wala sikumwomba. Nilimwambia tu, "Sasa umejua." Nikamshika mjukuu wangu mkono, tukaenda nyumbani.

Jumapili ukumbi ulifurika. Mwenye kundi kasimama mlangoni, anatabasamu, mfukoni ana barua ya kumfukuza yule anayemjazia ukumbi.

Ukaja wimbo. Kinanda akafungua mdomo, sauti ikapanda, watu wakaanza kufuta macho.

Katikati ya ubeti wa pili, Kinanda akafunga mdomo.

Akaufunga kabisa. Akabana midomo.

Wimbo ukaendelea.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema mitambo imeharibika. Mwingine akatazama juu, kana kwamba kuna mtu darini. Kinanda akalaza maikrofoni yake sakafuni, akatembea hadi ubavuni, akashika pazia jeusi kwa mikono miwili.

Akalivuta.

Sindano huyo hapo. Kandambili, pua nyekundu, kitambaa mkononi.

Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Macho akayafumba, akaendelea kuimba. Kinanda akasimama kando yake, akamshika bega, akaimba pamoja naye kwa kile kinong'ono chake ambacho hakuna aliyekisikia.

Wimbo ukaisha.

Ungesikia nzi akipangusa miguu.

"Matapeli!" mtu akapiga kelele. "Rudisheni pesa zetu!"

"Tumedanganywa!" mwingine akadakia.

Kisha nikamwona mzee wa kofia anasimama. Nikashika mwavuli wangu vizuri. Nilisema akitukana tu, namshukia nao, liwalo na liwe.

Akavua kofia. Akapaza sauti, ukumbi wote ukageuka:

"Mimi nilijua! Nilijua tangu mwanzo sauti ni ya huyu binti! Nilimwambia hata mke wangu!"

Mkewe akamtazama kutoka chini hadi juu.

"Ulimwambia mke yupi?"

Jamani, ukumbi ulicheka. Walicheka waliokaa, wakacheka waliosimama kutukana. Hata yule wa pesa zake akacheka. Na kicheko kikageuka makofi, ila safari hii mvua haikutishia, ilinyesha. Sindano akafumbua macho, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta anapigiwa nani.

Sisemi wote waliridhika. Wako walioondoka wakibamiza viti, na hawajarudi. Lakini mwenye kundi aliichana ile barua. Sindano sasa ndiye binti wa duka la vitambaa, na Kinanda anaigiza mama yake, haimbi, anaongea tu, na akiongea watu wanalia. Mama wa tiketi naye anasimulia kila mahali jinsi alivyokuwa akimtetea Sindano. Yeye hakuwemo, si mnakumbuka.

Usiku ule ule nilimwomba mjukuu wangu radhi. Nilimwambia kila kitu: chai, mkoba, na kumwangalia usingizini.

Akasema, "Usijali, Bibi. Ukumbi mzima ulikosea."

Nikamwambia, "Ukumbi mzima haukukulea."

Ndugu zangu mnaosoma, shikeni hili moja. Watu wengi wakimsema mtu wako, usihesabu ni wangapi wanaosema. Uliza ni yupi kati yao aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe. Na kabla hujamuuliza yeyote, anza na wewe.