Mama Mkwe na Mpira wa Petroli

Sindano alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupiga pasi hata leso, lakini moyo wake ulikuwa kwenye boti ya mbao aliyoachiwa na mjomba wake. Boti haikuwa na neno. Tatizo ni injini iliyoning'inia nyuma yake: kuukuu, na kuiwasha kulikuwa sawa na kumwamsha mlevi. Sindano alisema ni uzee tu, akaendelea kuvuta kamba.

Siku moja shemeji yake, dada wa mkewe aliyeishi ng'ambo ya maji, alijifungua, na mama mkwe akataka kumwona mjukuu. Huyu mama alikuwa mpishi wa bweni aliyestaafu, mwenye sauti ya kunyoosha foleni. Aliingia botini pamoja na binti yake, mke wa Sindano, akachagua pa kukaa kule nyuma karibu na tangi la petroli, akatua kama mlima uliochoka kusimama.

Sindano akavuta kamba. Injini ikakohoa. Akavuta tena na tena. Kimya.

"Imelala?" mama mkwe akauliza.

"Inajiandaa, mama."

"Sisi tulijiandaa nyumbani."

Shati lililopigwa pasi likaanza kulowa. Sindano akafungua plagi, akaiacha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta. Cheche ya bluu ikaruka. Kumbe moto upo! Lakini ncha ya plagi ilikuwa kavu, na baada ya kuvuta kote kule ilipaswa kunuka petroli. Basi mafuta hayafiki. Akaminya pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa petroli. Ilikuwa imenywea, haijai. Akaufuata ule mpira kwa macho kuelekea kwenye tangi. Ukaingia chini ya gauni la mama mkwe, na hapo ukaishia.

Mtu anamwambiaje mama mzaa mkewe jambo kama hilo? Akamkonyeza mkewe.

"Sema mwenyewe," mkewe akanong'ona, tayari amebana kicheko.

"Mama, kule mbele kuna upepo mzuri."

"Hata hapa upo."

"Ni kwamba boti ingekaa sawa kama uzito..." Akajing'ata ulimi.

"Uzito umefanya nini, fundi?"

"Mama, shikamoo. Umekalia mpira wa petroli."

Mama mkwe akamtazama. Kisha akaangua kicheko mpaka boti ikayumba. "Na ungenizungusha mpaka jioni! Mkwe gani wewe?" Akahamia mbele.

Pampu ikajaa, injini ikaunguruma, wakaondoka kwa vifijo. Hawajafika mbali, ikakohoa na kuzimika.

"Safari hii msinitazame," mama mkwe akasema. Akavuta upindo wa gauni, akaunusa. "Lakini hapa nimelowa petroli. Jikoni kwetu, mpira wa gesi ukizeeka ulikuwa unapasuka pale unapokunjwa kila siku. Hebu angalia huo wako."

Sindano akaukunja mpira karibu na tangi. Ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Hapo ndipo injini ilipokuwa ikivuta hewa badala ya mafuta, na yeye miezi yote akiusingizia uzee! Akachomoa mkasi mfukoni, akakata kipande kibovu, akaurudisha mpira na kuukaza vizuri. Akaminya pampu mpaka ikawa ngumu, akavuta kamba mara moja tu. Injini ikaitika papo hapo, naye nusura aanguke kwa mshangao.

Ng'ambo, mama mkwe alisimulia mkasa wote kabla hata ya kuuliza uzito wa mtoto, akimwigiza Sindano: "Mama, kule mbele kuna upepo mzuri!" Wazazi wa mtoto wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Sindano akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Baba mdogo akanawe kwanza," mama mkwe akaamuru. "Ananuka petroli."

"Na wewe, mama," binti zake wakasema kwa pamoja.

Wakaenda kunawa wote wawili, wakigombania sabuni.