Jina Lililoongoza Msimamo

Turubai la msiba lilikuwa bado halijarudishwa kwa wenyewe mume wangu alipofungua kompyuta na kuanza kutengeneza saiti ya mpira. Nilimwona kupitia mlango wa chumbani. Mama mkwe wangu alikuwa uani anasugua masufuria, mawifi zangu wanapanga sahani za kukodi, naye amekaa kwenye stuli, kompyuta juu ya kreti la soda, anaandika. Kama ningekuwa mzima siku ile ningemrushia hata mwiko.

Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza. Ilikuwa masika, njia ya makaburini matope matupu. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa mto. Homa ilimshika, tukampeleka hospitali, ikashuka, ikapanda, na ilipopanda mara ya mwisho hatukurudi naye. Wakubwa wakasema mtoto mchanga haliliwi sana, machozi mengi yanamfungia njia anayemfuata. Wakakusanya nguo zake, beseni lake na chandarua chake kidogo, wakaenda navyo kijijini Mutuka kwa mama mkwe. Hawakufanya kwa ubaya. Nyumba yetu ya Maisaka, mjini Babati, ikabaki imefagiwa kama inasubiri mpangaji.

Kilichobaki ni jina, nalo likaondoka kwa njia yake. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Mimi nilikuwa Mama Fulani na mume wangu Baba Fulani, sokoni, kanisani, hadi kwenye simu za watu. Nasema Fulani kwa sababu jina lenyewe sitaliandika hapa. Waliokuwepo wanalijua, na hao wananitosha. Baada ya mazishi watu hawakujua wafanye nini na lile neno la pili. Muuza mboga alianza, "Karibu, Mama..." akameza, akanizidishia fungu la mchicha. Wengine wakanihamishia kwenye "dada". Mchungaji akaniita binti yake. Hata mume wangu, ambaye zamani alikuwa akiniita Mama Fulani kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni, akaacha kuniita kabisa. Akinitaka alinifuata nilipo, akasimama mpaka nigeuke.

Watu wanadhani aliyefiwa anaumia muda wote. Mimi sikuumia. Nilikuwa na ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya wakati wa mahubiri: unajua ni wako kwa sababu unauona tu. Nilifungua duka langu la steshenari, nikatoa kopi za watu, nikapika, nikatia chumvi mara mbili, tukala hivyo hivyo. Mtu akiniambia kazi ya Mungu haina makosa nilimjibu asante, huku nikiwaza kwamba siku akifiwa yeye nitampelekea maneno hayo hayo kwenye bakuli lenye mfuniko.

Saiti ilichukua miezi. Mume wangu ni fundi simu, ana kibanda karibu na stendi, na mambo ya kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa bando la usiku. Mchezo wake ulikuwa hivi. Kila siku ya mechi ya ndondo, mpira wetu wa mitaani, unachagua kikosi chako cha wachezaji watano kutoka timu mbili zinazocheza jioni hiyo. Kila mchezaji ana bei, na kila mtu anapewa sarafu za kubuni ambazo hazitoshi kununua mastaa wote. Mchezaji wako akifunga unapata pointi, akitoa pasi ya goli unapata, kipa wako akiokoa unapata, akila kadi unakatwa. Mpira ukiisha, mshindi wa siku anajulikana, kesho mnaanza upya. Hela haiwekwi. Wengi waliuliza kama ni mkeka wa kubeti, alipowaambia hapana wakasikitika kidogo. Zawadi ilikuwa kilo tano za mchele wa Magugu, uliotolewa na mama mmoja wa duka la nafaka aliyetaka duka lake litajwe juu ya msimamo.

Bei za wachezaji zilitoka kwa kinyozi wa Nangara, mzee wa makamo ambaye hajawahi kukosa mechi ya ndondo. Mume wangu alikwenda kunyolewa hata pale ambapo hakuwa na nywele za kunyoa, akamuuliza nani anafunga, nani mvivu, nani akitukanwa anacheza vizuri zaidi. Kinyozi alijibu yote bure. Ndiyo maana baadaye aliona saiti ile kwa kiasi fulani ni ya kwake.

Mimi nilipewa kazi ya pointi. Hakuniomba. Alinifuata dukani, akasimama, nilipogeuka akanikabidhi simu na kunionyesha pa kubonyeza. Nikawa nakaa pembeni ya uwanja na kuandika kila goli na kila kadi, mimi na yeye peke yetu tukiwa na ruhusa ya kuongeza au kufuta kitu. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu haikunitaka nihisi chochote. Mpira unaingia wavuni, unabonyeza.

Siku ya uzinduzi walicheza Nangara na Mutuka. Linki ilikuwa imetumwa kwenye makundi yote, la kwaya, la bodaboda, la wazazi wa shule, na watu walijiandikisha kuliko tulivyotegemea. Karibu wote walimaliza sarafu zao kwa washambuliaji wawili wa Mutuka, ambao kinyozi alikuwa amewapa bei ya juu kuliko wote. Timu zikaingia uwanjani. Washambuliaji hawapo. Beki wa kati hayupo. Kipa hayupo.

Walikuwa wanavuna mbaazi. Mbaazi ikishakauka haisubiri mechi, maganda yanapasuka yenyewe na punje zinamwagika chini, na hakuna baba wa Mutuka atakayemruhusu kijana mwenye nguvu kwenda kukimbizana na mpira wakati huo. Mume wangu alizaliwa Mutuka. Mimi nimeolewa huko, mbaazi nimezivuna. Tulipanga uzinduzi katikati ya mavuno na hakuna kati yetu aliyewaza, jambo linaloonyesha tulikuwa tunaishi wapi miezi ile.

Mutuka wakaja na waliobaki: mwalimu mmoja wa sekondari, dereva wa bodaboda, kipa mwenye tumbo, na wengine ambao bei yao kwenye saiti ilikuwa ndogo kuliko zote. Wakawafunga Nangara. Yule wa bodaboda peke yake alifunga mawili, na kipa mwenye tumbo aliokoa hata mipira asiyoiona. Nilibonyeza, nilibonyeza. Mpira ulipoisha nikafungua msimamo nione nani kashinda. Vikosi vya mji mzima vilikuwa vimegandia chini na pointi za aibu. Kinyozi alikuwa wa pili. Juu yake, kwa mbali, kulikuwa na kikosi kimoja kilichoundwa na wale wa bei rahisi watupu, na kiliitwa Baba Fulani.

Sikuwa nimeliona jina lile limeandikwa tangu kwenye msalaba wa mbao.

"Ni kikosi cha majaribio," mume wangu aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Nilikijaza wachezaji wa bei ya chini nione kama inajumlisha vizuri. Nilisahau kukifuta."

Mume wangu hasahau. Anakumbuka skrubu iliyopungua kwenye simu ya mteja wa mwaka juzi.

Asubuhi makundi yalikuwa yanawaka moto. Kila mtu Babati alijua Baba Fulani ni nani, ingawa kwenye jumbe zao hakuna aliyeliandika jina. Waliandika "yule wa juu". Mwenye saiti amejipikia mchele, walisema. Alijuaje kwamba wa Mutuka watakuwa shambani? Mama wa duka la nafaka akapiga simu, kwa upole, akasema kikosi hicho kifutwe leo, la sivyo jina la duka lake liondolewe na mchele wake urudi. Bila mchele, mchezo ungekufa siku ya pili. Na mume wangu nilijua hana kingine kinachomwamsha asubuhi.

Alinikuta jikoni, akaweka kompyuta mezani mbele yangu.

"Futa wewe," alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nimejaribu."

Akatoka kwenda kulisha kuku, na kuku walikuwa wameshakula. Nikabonyeza jina. Kikatokea kisanduku na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe alipokuwa anatengeneza saiti: Una uhakika unataka kufuta? Ukifuta hutaweza kurudisha.

Nilikaa nikiyatazama. Nguo zilipoondoka hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika. Beseni lilipoondoka hakuna aliyeuliza. Hasira ikanipanda kutoka miguuni, hasira yangu ya zamani niliyozaliwa nayo, na nilifurahi kuiona. Nikabonyeza Hapana, nikajifunga kanga, nikatoka kwenda Nangara.

Kinyozi alikuwa na mteja kwenye kiti.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Karibu, mama..." Akameza, kama wote. "Karibu ukae."

"Nimekuja kwa ajili ya msimamo."

"Msimamo ule una shida. Mimi na mumeo hatuna ugomvi, ila refa hapigi penalti. Lile jina lifutwe, mambo yaishe, tucheze mpira."

"Jina gani?"

"Lile la juu."

"Linaitwaje?"

Akazima mashine. Mteja, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado, akaanza kutazama ukuta.

"Si unalijua," kinyozi alisema.

"Mimi nalijua. Nauliza kama wewe unalijua."

Nilijua naongea vibaya na mtu mzima, na sikutaka kuacha. Alipuliza nywele kwenye mashine kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi ndiye niliyemnyoa nywele zake za kwanza," alisema. "Mumeo alimleta hapa. Alilala mkononi kwangu mpaka nikamaliza. Nitaachaje kulijua?" Kisha akalitaja. Alilitaja lote, kwa sauti ya kawaida, bila kutanguliza marehemu wala malaika. "Tulikubaliana tusikutajie. Tuliogopa kukutonesha."

"Mlikubaliana nani?"

"Watu," akasema, na alionekana ameona haya.

Nikamwambia mchele wa jana ni wake, kwa kuwa ndiye wa pili. Nikamwambia kikosi cha Baba Fulani hakitachukua zawadi yoyote, si leo wala fainali, ila jina linabaki kwenye msimamo. Anayekasirika na aje dukani kwangu, nipo. Akawasha mashine.

"Libaki," alisema. "Nitawaambia mimi, hata yule mama wa mchele. Ila aache kuchagua wachezaji wa akiba. Inaudhi."

Nilipofika nyumbani niliita kuanzia mlango wa mbele, Baba Fulani, kwa sauti ya kufika uani. Nilikuwa sijaita hivyo tangu masika. Alikuja mpaka sebuleni akiwa bado ameshika kopo la mahindi ya kuku, akasimama ananitazama. Nikamweleza tulivyoafikiana na kinyozi. Alikaa chini, akasema alikuwa anaandika jina lile kila siku wakati anatengeneza, kila alipojaribu kitu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliandika. Nikamwambia angeweza kuniambia. Akasema alidhani mimi ndiye nisiyetaka kulisikia. Kisha alinisogezea kompyuta na mimi nikajiandikisha. Kikosi changu nikakiita Mama Fulani.

Jioni walicheza Maisaka na timu ya wauza mitumba. Nilichagua wachezaji kwa kuwaonea huruma, wale waliokaa benchi mechi zilizopita. Mmoja alipewa kadi nyekundu mapema, kipa wangu akafungwa hadi watoto wakamwonea aibu. Pointi zangu mwenyewe nilizikata kwa kidole changu.

Dakika za mwisho kinyozi, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja na genge lake la saluni, akainua simu na kuanza kuwasomea watu msimamo. Alipofika mwisho akanitafuta kwa macho, akaniita kwa sauti iliyovuka uwanja mzima. Mama, akasema, na jina la mwanangu likafuata, lote.

"Umeshika mkia," alisema. "Hata kipa wa kuchagua huna? Au na wewe ulikuwa kwenye mbaazi?"

Watu wakacheka. Walikuwa wananicheka mimi, vizuri kabisa, bila kumeza kitu. Kwa miezi yote ile hakuna aliyethubutu. Nikamjibu kwamba kesho atanyoa wateja huku analia, wakacheka tena, na mwanamke mmoja nyuma yangu akalirudia jina, Mama Fulani huyu naye. Ndipo nikaanza kulia, mbele za watu, kwa sauti, kilio nilichokatazwa masika, wala sikufunika uso. Maisaka walifunga tena na mimi nimeshika simu bila kubonyeza. Mume wangu aliichukua mkononi mwangu, akaziandika pointi yeye.